Vantilatere, Umuambie Mukwe

Nyama ya Floribert Mukuka ilipita tunduni. Mlango wa bucheri, duka la nyama la katikati ya Élisabethville, ulikuwa wa wazungu. Watu weusi walizunguka ubavuni, upande wa kichochoro, ambako ukuta ulikuwa umetobolewa tundu la ukubwa wa karai. Hapo ulijipanga, ukifika mbele unataja unachotaka, unaingiza hela, unapokea ulichopewa. Mkono ulitoka, mkono ukarudi. Mwenye mkono hakuinama hata siku moja kuona anampa nani, na Floribert, karani wa ghala la reli, mwenye suti mbili, saa ya marehemu baba yake mkononi na kalamu ya wino mfukoni, alikuwa ananunua pale tangu ujana wake bila kuonwa uso.

Jumamosi hiyo alipofika nyumbani na kufungua gazeti lililofungiwa nyama, mkewe Delphine alitazama, akatazama tena.

"Baba Annie, hii ni mufupa."

"Nyama iko upande wa nyuma."

Delphine aligeuza. "Upande wa nyuma iko mufupa mwingine."

"Mama Annie, kwenye tundu muntu hachague. Ngoja karte itoke. Karte ikitoka, mi na we tunaingia na mulango. Tunasimama mbele ya nyama, tunanyoosha kidole: hapana ile, ile ya pembeni. Na yee anauliza, Madame anapenda kipande gani?"

Delphine alicheka, lakini alikwisha kuona mlango huo kichwani na kiatu atakachoingia nacho. Karte hiyo ilikuwa kadi ambayo serikali iliwapa wale waliohukumiwa kuwa evoluwe, watu walioendelea: mke mmoja, kitanda, uma na kisu, Kifaransa cha kutosha. Asiyekuwa nayo alikuwa musenji tu, hata kama anajua misa nzima kwa Kilatini. Na haikutolewa hivi hivi. Komisyo, tume ya wakaguzi, ilikuja kwako, ikaketi kwenye viti vyako, ikafungua makabati, ikatazama choo. Ya Floribert ilikuwa imetangazwa, na tangu hapo mtu huyo hakula vizuri.

Aliyemtia woga zaidi ni Godefroid, karani mwenzake, ambaye karte yake ilitoka mwaka uliopita na tangu siku hiyo hata kukohoa alikohoa Kifaransa.

"Bale banaanza na pua," Godefroid alimwambia. "Kuko mwalimu moja, balikuta forshete, nape juu ya meza, kitanda, kila kintu. Kiisha baliingia jikoni. Jiko ilikuwa inanuka samaki ya kukauka. C'est fini. Balimukatalia palepale."

 Nyumbani kwa Floribert, wakati huohuo, palikuwa na gunia zima.

* * *

Gunia lilikuwa la mama mkwe. Mama Chileshe alitoka Kasenga kuja kumlea mjukuu wake Annie, ambaye alikuwa hajaota hata jino, akashuka kwenye lori na mkeka, kikapu, na gunia la samaki wa mto Luapula waliokaushwa kwa moshi, na harufu ilifika nyumbani kabla yake. Hakulala ndani. Kwa desturi ya kwao, ambayo ilikuwa ya kwao Floribert pia, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali chakula mbele yake, mpaka mama huyo ampikie chakula cha heshima kinachoitwa matebeto na kumfungulia njia. Matebeto hayo Floribert alikuwa akiyaahirisha tangu harusi. Alisema ni mambo ya basenji, na komisyo ikisikia itamwonaje.

Lakini mtu huyohuyo aliyekataa matebeto kwa kuwa ameendelea, akisikia mama mkwe anakohoa barabarani, aliruka ua wa jirani na suti yake. Chakula alikikataa, woga akaubakiza. Mama Chileshe akawa analala kwa jirani, na mchana anashinda nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, pamoja na mjukuu na mbabula yake, lile jiko la bati la kutobolewa matundu. Akiwa na neno kwa mkwe alimwambia Delphine, na Delphine aliingia ndani kulirudia, hata kama mtaa mzima ulikuwa umelisikia.

"Umuambie mama apeleke gunia kwa jirani," Floribert alisema.

"Umuambie we mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Juu ya nini? We si evoluwe?"

Floribert alichukua kofia akatoka. Kofia ndiyo iliyokuwa jibu lake.

Aliporudi hakuwa na saa mkononi. Alikuwa na sanduku, na ndani yake vantilatere ya jikoni, ile ya kupachikwa ukutani ili ivute moshi na kuutupa nje. Alibadilishana na bibi mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Upande mmoja ilikuwa chuma tupu na parafujo. Upande wa pili ilikuwa nyeupe, inang'aa, na nyota ya shaba katikati. Delphine aliifuta kwa kitambaa kama anavyomfuta Annie.

"Na ile saa ya baba yako?"

"Baba yangu alikuwa anaangalia saa maisha yake yote, na hakuna mulango ilifunguka."

* * *

Waliifunga Jumapili baada ya misa. Godefroid alikuja kushika meza, akavua koti ili shati lionekane. Kwanza ilibidi kutoboa ukuta wa jiko, na Floribert alipiga patasi kwa nguvu zote za mtu asiyefanya kazi ya mikono. Vipande vya tofali viliangukia upande wa pili. Punde Delphine aliingia.

"Mama anauliza, nyumba inaanguka ao unaibomoa?"

"Umuambie ni maendeleo."

Delphine alitoka, akarudi. "Anasema maendeleo yameangukia mu sufuria."

Jikoni hapakuwa na umeme. Nyumba nzima ilikuwa na taa moja tu, ile ya salo, chumba cha wageni, ikining'inia juu ya meza. Floribert alipanda juu ya meza, akatoa ampule, balbu yake, akafungua tundu lake ili aunganishe humo nyuzi mbili nyingine na kuzipitisha juu ya mlango mpaka jikoni. Fundi wa kweli wangeweza kumwita. Lakini fundi angejua, na akijua fundi angejua mtaa, na Floribert alitaka komisyo ikute kitu kilichokuwepo siku zote.

"Umezima?" Godefroid aliuliza.

"Nimezima taa."

"Mi nauliza umeme."

Taa ilikuwa imezimwa, lakini umeme ulikuwa haujaambiwa. Ulimkamata Floribert kwenye vidole viwili, ukamtikisa, ukamtupa chini. Mtu huyu alikuwa amejizoeza kushangaa kwa Kifaransa, kuota kwa Kifaransa, hata kupiga chafya. Kilichomtoka sasa kilikuwa neno alilojifunza kabla ya yote hayo.

"Mayo," alilia. "Mayo we."

Maana yake ni mama. Nyuma ya ukuta sauti ya mwiko kwenye sufuria ilikoma. Godefroid alitazama dari. Kisha Delphine akaingia, akijiuma midomo asicheke.

"Mama anauliza kama umemuita."

"Umuambie hapana."

Alitoka, akarudi. "Anasema amesikia."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Floribert alipanda tena, safari hii baada ya kukata umeme wote mlangoni, akaunganisha, akarudisha ampule, akapigilia waya kwa misumari, wakabeba vantilatere hadi kwenye tundu. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa akili nyingi. Mashine ilivuta kwa upande wa chuma na kutupa kwa upande mweupe, kwa hiyo upande wa chuma ulipaswa kuwa ndani na upande mweupe nje. Lakini mtu gani, ametoa saa ya marehemu baba yake kwa ajili ya nyota ya shaba, ataigeuza nyota iangalie kuku? Walifunga sura ndani, mgongo nje. Floribert akarudisha umeme, akabonyeza swichi.

Taa ya salo iliwaka na vantilatere ikazunguka, zote pamoja, maana zilikuwa na swichi moja. Upepo baridi uliwapiga usoni wote watatu. Godefroid alifumba macho akasema ni mambo mazuri.

"Sasa moshi utatokaje," Delphine aliuliza, "kama upepo unaingia?"

"Upepo unaingia juu ya kuufukuza," alisema Floribert. "Ni logique."

Godefroid, mwenye karte, alitikisa kichwa kukubali. Delphine akaiheshimu karte hiyo, akachukua ufagio.

* * *

Komisyo ilifika alasiri, jua kali, na ikakuta taa inawaka. Walikuwa watu wawili: Monsieur Lambrecht wa utawala, mnene, mwenye haraka, na Père Clément, padri mzee ambaye alikuwa ameishi huko Luapula mpaka Kibemba chake kikawa bora kuliko Kifaransa chake.

"Kwa nini taa mchana?" Monsieur aliuliza.

"Kwa heshima ya wageni," alijibu Floribert, na Monsieur akaona ni jibu zuri.

Mambo yalikwenda. Kitanda kilitazamwa, uma zikahesabiwa, choo kikapita. Delphine aliketi na gauni la bluu, akamimina chai bila kumwaga. Kisha Monsieur alisimama kwenye mlango wa jikoni, akaiona nyota ya shaba ikizunguka ukutani, na uso wake ukabadilika.

"Vantilatere," alisema. "Père, tazama. Mimi mwenyewe sina."

Floribert alihisi mlango wa bucheri unafunguka taratibu. Alimwona muuza nyama akijifuta mikono. Na hapo ndipo alipoinusa ile harufu.

Nyuma ya ukuta Mama Chileshe alikuwa amewasha mbabula. Alikuwa amepanga samaki juu ya makaa, hasa wale wanene, wenye mafuta, na vantilatere, ikifanya kazi kama ilivyofungwa, iliuvuta moshi wote ndani. Ulipita jikoni, ukapita mlangoni, ukamzunguka Monsieur Lambrecht, ukaingia kwenye chai. Harufu ya Luapula nzima ilikaa salo kana kwamba imeandikiwa barua ya mwaliko.

Floribert alibonyeza swichi. Taa ikazimika, nyota ikasimama.

"Hapana, hapana," alisema Monsieur, akikohoa. "Washa. Jiko lina moshi, ndiyo kazi ya mashine."

Akawasha. Moshi ukaongezeka. Delphine aliinuka kwenda kumwambia mama yake, lakini Monsieur alinyoosha mkono.

"Keti, Madame. Katika nyumba ya kistaarabu mke hatumwi kama mtumishi. Acha Monsieur Mukuka aende mwenyewe."

Delphine alimtazama mumewe. Floribert alimtazama Delphine. Kwenda nyuma ya nyumba kulikuwa kumwona mama mkwe uso kwa uso, mikono mitupu, bila matebeto. Hata kwa karte mbili asingeweza. Aliingia jikoni peke yake, na huko, kati ya moshi na aibu, akakumbuka namna ambayo wazee wa kwao walifanya walipobanwa: walimwambia mbwa, au mti, au chungu, ili mama mkwe asikie bila kuambiwa. Mbwa hakuwapo. Alisimama mbele ya ile nyota.

"Vantilatere," alisema kwa Kibemba, kwa sauti ya chini, "nakuomba, umuambie mama..."

Na magoti yakajikunja yenyewe. Hakuyatuma. Suti ilifika sakafuni, viganja vikakutana, vikapiga makofi ya taratibu ya heshima, kama alivyofundishwa akiwa mtoto na kama mwili wake ulivyokataa kusahau.

"...umuambie mama kwamba moshi wa mbabula yake unaingia ndani."

 Kisha sauti ya mama mzee ikapita katikati ya mapanga yanayozunguka, nayo mapanga yaliikatakata, ikatoka upande wa pili ikitetemeka, nzito, kana kwamba mashine yenyewe ndiyo inayojibu.

"Vantilatere, umuambie mukwe, nimesikia. Umuambie nimeona bageni bake balifika. Nimeona beko nakunywa maji ya moto na mukate mukavu. Ile ni haya kwangu. Bageni ba mukwe hawawezi kutoka njaa na mi niko. Hii samaki ni yabo. Nimechagua ya munene."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, ili asikose kueleweka na yeyote.

Floribert alikuwa na maneno tayari mdomoni. Ondoa mbabula, peleka kwa jirani, tuachie nafasi. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Lakini alifikiria gunia lile, lililobebwa juu ya lori kutoka Kasenga, na mwanamke ambaye kwa majuma yote hayo alikaa nje kwa sababu yeye, mkwe wake, alikikataa chakula chake cha kufungua njia, na bado alikuwa anawapikia wageni wake. Moyo ulimuuma kweli. Alipiga makofi tena.

"Vantilatere, umuambie mama asante. Umuambie aendelee."

Aliposimama na kugeuka, Monsieur Lambrecht alikuwa mlangoni. Alikuwa hapo tangu magoti.

* * *

"Nimeona wanaoficha sanamu chini ya kitanda," Monsieur alimwambia Père Clément barabarani, kwa sauti ambayo Floribert aliisikia vizuri. "Huyu ya kwake ameiunganisha na umeme. Na inamjibu."

Padri alimweleza. Alimweleza habari ya mama mkwe, ya ukuta, ya heshima, alieleza mpaka jasho likamtoka. Monsieur alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani haombi mashine. Anamwogopa mama wa mke wake kiasi cha kutoweza kumtazama."

"Ndiyo hivyo."

"Basi heri angekuwa anaomba mashine," alisema Monsieur, akapanda gari.

Père Clément alirudi peke yake siku chache baadaye kuleta jibu, na jibu lilikuwa bado. Halikuwa hapana, alisema, lilikuwa bado. Floribert alishukuru kwa Kifaransa kizuri, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala ambapo hakuna mtu angemwona, akalia kidogo. Padri alingoja. Kisha akamuuliza Delphine kwa upole kama katika wale samaki wa siku ile kulikuwa kumebaki hata kichwa.

Godefroid naye alikuja kumfariji. Alisema makosa yalikuwa ya taa: evoluwe hawashi taa mchana.

* * *

Jumamosi iliyofuata Floribert alijipanga tena kichochoroni. Mbele yake kulikuwa na mama mwenye sufuria, nyuma yake fundi seremala. Zamu yake ilipofika alitaja alichotaka, mkono ukatoka, ukaacha gazeti, ukarudi. Alitaka kuinama achungulie. Hakuinama.

Nyumbani alikuta jikoni pamebadilika. Delphine alikuwa ameifungua vantilatere kwa kisu cha mezani na kukata nyuzi zake. Tundu lilikuwa wazi, mwanga unaingia. Vantilatere yenyewe ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, chini ya tundu, imefutwa, nyota ikitazama juu.

"Nani aliitosha ukutani?"

"Mi. Mama alisema isiende mbali. Anasema ndiyo inajua kusema na we."

"Na kigoda?"

"Anasema muntu wa kupeleka maneno hasimame."

Floribert alitaka kukasirika, akakuta nguvu hana. Alivua koti. Delphine alimwonyesha aketi sakafuni, kwenye mkeka mpya, karibu na ukuta, na ndipo akauona, mkeka huo, akaelewa ni siku gani: siku ya matebeto. Hakusema ni mambo ya basenji. Alivua na viatu.

Mikono miwili ikatokea tunduni. Ilikuwa mizee, na ilikuja pamoja, kwa taratibu, ikiwa imeshika sahani ya bukari, ugali wa kwao, iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ikangoja. Floribert alipiga makofi, akanyoosha mikono yake miwili, akapokea. Ikarudi, ikaja na sahani ya pili, samaki mzima katika mchuzi wa karanga, mnene, mkia unatoka nje ya ukingo. Uso wa mwenye mikono hakuuona, na safari hii alijua kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu aliyeinama.

Alinawa. Uma zilikuwa kabatini, zimehesabiwa, hakuna aliyezitaja. Alikata bukari kwa vidole, akachovya, na mezani mfupa wa bucheri ukabaki umefungwa ndani ya gazeti lake.

"Vantilatere," ilisema sauti ya nyuma ya ukuta, sasa nzima, bila kukatwa, "anakula?"

Delphine, aliyesimama na Annie mkononi, alianza kujibu. Floribert alimzuia kwa kiganja.

"Vantilatere, umuambie mama ninakula."



"Basi umuambie mutoto wangu," Mama Chileshe alisema, "ile samaki iko na mifupa mingi. Akule polepole."